Tanzia Aliyoifungua Mwanaidi

Mwezi uliopita mlinialika kwenye mafunzo yenu ya barua pepe, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Nilifurahi kuitwa, maana mstaafu hukumbukwa mara chache. Mtoa mafunzo alikuwa kijana wa adabu, alinipa shikamoo kabla hata sijakaa. Akaonyesha ukutani mifano ya barua za kitapeli, kisha akasema, "Na msidhani haya ni mambo ya mbali. Hapa hapa kwenye ushirika wenu kulikuwa na mama mmoja wa enzi za taipureta. Kaona kitu, kabofya."

Mkacheka. Mmoja wenu, sitamtaja, akasema, "Bi Kidole." Mkacheka zaidi.

Sina mazoea ya kusema mbele ya watu, na chai ilikuwa imeshaletwa. Nilikunywa, nikashukuru, nikatembea hadi stendi ya Msamvu nikapanda gari la kwetu. Njia nzima nilikuwa na hasira, na mpaka leo haijatoka. Ndiyo maana naandika. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia nikiruka huku na kule. Lakini nilikaa masjala ya ushirika huu miaka ishirini na sita, na kila karatasi iliyoingia au kutoka ilipita mikononi mwangu. Haya nayajua.

Yule mama aliitwa Mwanaidi. Alikuwa sekretari wa meneja. Chumba chake na masjala vilitenganishwa na dirisha dogo la kupitishia majalada, na kwa dirisha hilo tulitaniana miaka kumi na tisa, yeye Mluguru wa Kinole, mimi Mnyamwezi.

"Mnyamwezi, chai yako inapoa. Au kwenu mnasubiri iwe ya jana?"

"Nyamaza wewe. Watu wa kupanda mlima kufuata ndizi wanajua nini kuhusu chai."

Alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Barua ya meneja ikiwa na tarehe isiyolingana na siku, alimrudishia. Akiirudisha meneja vilevile, naye aliirudisha vilevile. Mara ya tatu meneja alisahihisha.

Kompyuta zilipofika, mimi niliziogopa. Mwanaidi ndiye aliyenifundisha. Na sasa nitawaambia jambo ambalo mtoa mafunzo wenu halijui: wa kwanza kutapeliwa katika ofisi hii nilikuwa mimi. Niliandikiwa kwamba sanduku langu la barua limejaa na litafungwa jioni hiyo, niweke neno la siri ili liokolewe. Nikaweka haraka, kwa shukrani kabisa. Kisha nikampigia kelele dirishani, "Mwanaidi, nimeponea chupuchupu, sanduku lilikuwa linafungwa."

Akaja akasoma. "Kaka, limejaa nini? Una barua kumi na mbili humu, na tisa nimekuandikia mimi."

Alinibadilishia neno la siri pale pale. Hakunicheka mbele ya watu. Akanifundisha mambo ambayo ninyi mlilipiwa ukumbi kuyasikia. Anwani isome kuanzia mkiani, kule baada ya ile alama ya a iliyozungushiwa, maana mwanzoni mtu anaweza kujiita jina lolote. Anayekuharakisha mjibu polepole. Ukitaka kumpigia simu mtu uhakikishe, chukua namba kwenye daftari letu, usichukue iliyoandikwa ndani ya barua yenyewe, kwa sababu mwizi hakupi namba ya polisi. Ukikuta kiungo cha kubofya, usipite hapo. Nenda mwenyewe kwenye ukurasa unaoujua, kama mtu anayekwenda nyumbani kwa njia yake. Huyo ndiye Bi Kidole wenu.

Sasa niwaeleze habari ya fundi Neema. Alikuwa anaishi Mazimbu, akiitwa mara moja moja kutengeneza mtandao wetu. Siku moja alimaliza kazi yake akaomba kumwona meneja. Mimi nilikuwemo, napeleka majalada yenye barua za kusainiwa.

Neema akasema, "Meneja, fungua barua pepe yako."

Meneja akafungua. Kulikuwa na barua imetoka kwake mwenyewe kwenda kwake mwenyewe, ikisema, "Naomba ng'ombe wawili waletwe ofisini kabla ya saa sita." Anwani ilikuwa yake, herufi kwa herufi, mkia na kila kitu.

Meneja akacheka kwanza. Halafu akakunja uso. "Umeingiaje kwenye sanduku langu?"

"Sijaingia, bosi. Sihitaji kuingia. Ni kama bahasha. Nikiandika nyuma ya bahasha kwamba imetoka kwako, posta hawaniulizi. Jina la ushirika liko wazi, yeyote anaweza kuandika kwa jina letu."

Nikamwelewa mara moja, maana hiyo ni kazi ya masjala. Barua ya ofisi tunaijua kwa muhuri na kwa mhudumu aliyeileta. Neema alitaka tutangaze, mahali ambapo kompyuta zote duniani zinaweza kusoma, mitambo gani tu inaruhusiwa kubeba barua zetu. Tuweke na muhuri wa siri kwenye kila barua inayotoka. Kisha tuwaambie wapokeaji wote: barua yenye jina letu isiyotoka kwa wabebaji wetu, na isiyo na muhuri wetu, msiipokee. Alisema kuanza ni kazi ya nusu siku, na baada ya hapo ni wiki kadhaa za kutazama taarifa za nani anatuma kwa jina letu.

Aliandika ukurasa mmoja. Niligonga muhuri wa kupokelewa, nikampelekea meneja. Ilirudi ina maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Imeonekana. Ihifadhiwe." Nikaihifadhi kwenye jalada la mitambo, folio, yaani karatasi, ya kumi na saba. Ihifadhiwe. Kwa lugha ya ofisi maana yake ni ilazwe usingizi, na mimi nikailaza.

Miezi michache baadaye ikaja tanzia.

Ninyi wa siku hizi mna makundi ya simu. Sisi, msiba ukitokea, meneja alituandikia wote kwa barua pepe: fulani hatunaye, mazishi saa fulani, gari la msiba litaondoka saa fulani. Mwanaidi ndiye aliyechapa, na siku Mwanaidi akiwa na kazi nyingi meneja alichapa mwenyewe. Sijui kwa wengine, lakini hapa kwetu tanzia haiachwi bila kufunguliwa. Barua ya mshahara unaweza kuiacha hadi baada ya chai. Ya tanzia ukiiacha, kesho utaulizwa una roho gani. Mwizi yule alikuwa ametusoma, hilo ndilo linalonichoma. Alijua mlango ambao hatuwezi kuufunga.

Barua ilisema Mzee Kibwana, dereva wetu mstaafu, amefariki. Ilitoka kwa meneja, anwani yake halisi, herufi kwa herufi, kama ile ya ng'ombe wawili. Chini yake: anayetaka nafasi kwenye gari la msiba ajiandikishe hapa. Ukibofya, ukurasa unafanana na wetu, unaomba jina na neno la siri.

Ofisi nzima ilisimama. Watu walimpenda Mzee Kibwana. Akina mama watatu wa ghalani hawakungoja gari, walijifunga kanga wakaenda kwake Kilakala kwa miguu, mmoja ameshaanza kulia njiani. Wakamkuta amekaa kibarazani anamenya mihogo.

Akawatazama. "Nani kafa?"

Yule aliyekuwa analia akafuta machozi kwa kanga.

"Mbona mnanitazama hivyo? Ni mimi?" Alipoelezwa akasema, "Basi karibuni matanga. Ila mmekuja kunizika mikono mitupu, hata sukari hamna."

Hadithi hiyo mnaipenda, nimesikia mnaisimulia. Lakini sikilizeni yaliyotokea ofisini saa ile ile.

Mwanaidi alijaza jina lake na neno la siri. Ndiyo, alijaza, sitaficha. Ukurasa ukawa mweupe. Hapo hapo akashtuka, maana majina ya gari la msiba siku zote tuliyaandika kwenye daftari la mapokezi, hayakuwahi kuombwa kwa kompyuta. Hakukaa kufikiri atalindaje heshima yake. Aliinuka, akaenda kugonga mlango wa meneja. Mimi nilikuwa nyuma yake, nina jalada kwapani.

"Meneja, samahani. Tanzia ya Mzee Kibwana umeandika wewe?"

"Tanzia gani? Mama, nina wageni."

"Nimeweka neno langu la siri mahali nisipopajua. Naomba tumwite Neema sasa hivi."

"Baadaye, mama."

"Ikifika baadaye itakuwa—"

"Nimesema baadaye." Mlango ukafungwa.

Alimpigia Neema mwenyewe, simu haikupatikana. Akabadilisha neno lake la siri. Akatuma ujumbe kwetu sote: asiyejaza asijaze, aliyejaza abadilishe. Yote hayo ndani ya nusu saa. Nitajieni mmoja wenu ambaye angefanya zaidi.

Asilolijua yeye, na nisilolijua mimi, ni kwamba mwizi akishaingia hata kwa dakika tano anaacha amri ndani ya sanduku: kila barua ya fulani, nakala ije kwangu. Ukibadilisha neno la siri, umebadilisha kufuli tu, amri inabaki ndani inafanya kazi. Kwa hiyo nanyi mkishikwa, msiishie kwenye neno la siri. Mwambieni fundi atafute amri zilizoachwa, na awafungie kila simu na kompyuta iliyokuwa wazi kwa jina lenu. Sisi hatukujua. Mwizi alisoma barua za mnunuzi wetu wa karafuu wiki mbili nzima, akajifunza tunavyosalimiana. Kisha akamwandikia, kwa jina la meneja na kwa anwani ya meneja ile ile iliyoachwa wazi, kwamba tumehamia benki nyingine. Malipo ya msimu mzima yakaenda kusikojulikana. Wakulima waliteremka mlimani kuyafuata, wakakaa uani kwetu siku nzima.

Neema alipopatikana, fedha zimeshapotea, alipekua masanduku yote. Tulioifungua tanzia tulikuwa wote. Waliojaza neno la siri walikuwa wanne, na amri ya mwizi ilikutwa kwa Mwanaidi na kwa mhasibu. Aliyesema alikuwa mmoja. Wale watatu walinyamaza hadi walipopekuliwa, na mimi siwalaumu sana, maana waliona aliyesema alivyofungiwa mlango. Mimi sikujaza, lakini si kwa akili. Kwa Mzee Kibwana nilizoea kwenda kwa miguu, gari sikulihitaji.

Kikao cha bodi kikaitwa. Asubuhi yake meneja alikuja masjala, jambo ambalo hakuwa analifanya.

"Mzee wangu, kwenye kikao lete jalada la mnunuzi."

"Na la mitambo?"

"La mitambo liache."

Nikaliacha. Nilijua kwa nini anataka niliache, na aliona kwamba najua. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu.

Kikaoni swali la kwanza lilikuwa, "Nani alibofya?" Vijana, mkikaa siku moja kwenye meza ile, msiulize swali hilo. Kubofya ni kazi ya mikono, watu wanalipwa kubofya kutwa nzima. Ulizeni barua iliingiaje ikiwa na jina la bosi. Ulizeni aliyeshtuka alisikilizwa na nani. Hakuna aliyeuliza. Meneja alisema kwa sauti ya upole, "Tatizo mama hakuangalia anwani." Anwani yake mwenyewe. Herufi kwa herufi. Alisema hivyo ameona barua ya ng'ombe kwa macho yake, amesoma ukurasa wa Neema, ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu.

Mwanaidi alisema, "Niligonga mlango wako, meneja."

"Sikumbuki," alisema meneja.

Mwenyekiti akatutazama sisi wengine. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, jalada la mnunuzi magotini. Nikatazama jalada.

Taarifa ya kikao iliandikwa hivi: hasara imetokana na uzembe wa sekretari. Akapewa barua ya onyo. Aliichapa mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuchapa, na nilimwona anarudia mstari mmoja ambao meneja alikuwa amekosea tarehe.

Jioni ile alifungua dirisha dogo. Hakutania.

"Kaka, ile barua ya Neema iko wapi?"

"Iko jaladani."

"Folio ya ngapi?"

"Kumi na saba."

"Basi ipo," akasema, akafunga dirisha. Hakuniuliza tena hadi alipoondoka kazini, mwaka uliofuata, bila ile sherehe ndogo ya soda na kanga ambayo kila mstaafu hufanyiwa.

Neema, baada ya wizi, alipewa ruhusa. Kweli ilikuwa nusu siku. Kisha tulitazama taarifa kwanza, tukagundua ujumbe wa kuwakumbusha wakulima siku za ukusanyaji ulikuwa unatumwa na kampuni nyingine kwa jina letu, na kampuni hiyo haimo kwenye orodha ya wabebaji. Tukaiingiza. Kumbukeni hilo: hesabuni kwanza wote wanaotuma kwa jina lenu, la sivyo mtafunga mlango na watoto wako nje. Baadaye tukawaambia wapokeaji waziweke kando zile za uongo, mwisho tukasema zirudishwe kabisa. Tukaweka na ile namba ya kuthibitisha inayoletwa kwenye simu baada ya neno la siri. Ninyi mmekuta yote yako tayari mnaona ni ya kawaida.

Mwanaidi alifariki mwaka jana. Sisemi barua ya onyo ndiyo iliyomwua. Alikuwa na kisukari tangu zamani, na sitadanganya hata kwa faida yake. Nilipata habari kwa simu, nikampigia mwanawe kuhakikisha kabla ya kuamini, kwa namba iliyokuwa kwenye daftari langu. Alinifundisha mwenyewe.

Nilifika mapema. Wanaume tulikaa nje chini ya turubai, na meneja naye alikuja, ameshahamia kazi nyingine, akapewa kiti cha mbele. Kabla mwili haujatolewa, mjomba wa marehemu alisimama, maana kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Akasema kama inavyosemwa siku zote: "Anayemdai marehemu aje kwetu, tutalipa. Na anayedaiwa na marehemu, naye aseme, tujue."

Kwa kawaida watu huinama, dakika inapita, shughuli inaendelea. Mimi nilijikuta nimesimama.

"Mimi ninadaiwa," nikasema.

"Kiasi gani, mzee?"

"Si fedha. Alisingiziwa uzembe kazini, na karatasi ya kumtetea nilikuwa nayo mimi. Aliniuliza iliko, nikamwambia iliko, sikuitoa."

Meneja akageuka. "Mzee, mambo ya ofisi si ya hapa."

Mjomba akamwambia bila kupandisha sauti, "Hapa ni kwa marehemu, bwana. Mwache amalize."

Nikamaliza. Nilieleza ng'ombe wawili, kalamu nyekundu, mlango aliougonga, jalada nililoambiwa niliache. Nilisikia akina mama ndani wakisogea karibu kusikiliza. Nilipofika mwisho, mjomba aliniuliza swali ambalo huulizwa mdaiwa yeyote: "Utalipa lini?"

"Jumatatu."

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti mpya nikaandika maelezo yangu kwa mkono. Nilimwomba barua ya Neema itolewe nakala, iambatishwe, na akakubali, na meneja wenu wa sasa akagonga muhuri. Nilitaka pia ile taarifa ya kikao ichanwe. Lakini mimi mwenyewe nilifundisha watu miaka yote kwamba masjala haichani karatasi, hata ya uongo. Kinachoruhusiwa ni kuweka nyingine baada yake. Kwa hiyo bado imo, kwenye jalada la wizi ule, folio ya thelathini na moja. Aliyemwandalia mtoa mafunzo ule mfano alilifungua jalada, akasoma hapo, akalifunga.

Maelezo yangu ni folio ya thelathini na mbili. Geuzeni ukurasa mmoja zaidi.